Wanaoana

Kalamu iligoma kwenye herufi ya kwanza ya jina la Nick.

Jerusha aliilamba ncha, akaijaribu kiganjani, akarudi kwenye kadi ya maombi. Kando yake Shiru alinong'ona, "Shosho, hata peni imejua."

"Peni haijui kitu. Imekaushwa na hii baridi ya AC."

Walikuwa safu ya nyuma katika ukumbi wa hoteli pale Al Sadd. Kibao cha mlangoni kilisema Semina ya Uwekezaji, maana mji huu hautaki mahubiri ya hotelini. Na tuseme kweli, kibao hakikudanganya. Nabii Herbert alikuwa ameshuka asubuhi hiyo kutoka Nairobi ili Wakenya wa Doha wapate nafasi ya kuwekeza kwake. Suti yake ilikuwa nyeupe kama maziwa ya boksi, na saa ya mkononi mwake ingesomesha watoto wa kata nzima.

Kila kadi ilikwenda na bahasha ya mbegu, yaani sadaka. Jina lako likisomwa, runinga ya Nabii inalifikisha mpaka nyumbani. Na huko nyumbani, Nyahururu, Edith mamake Shiru alikuwa amekaa sebuleni, sauti ameongeza hadi mwisho.

Edith alishasema, naye si mtu wa kusema mara mbili: "Huyo Nick mimi namsikia jina tu. Mkwe ambaye Nabii hajamtamkia baraka hatakanyaga kwangu." Mikataba ya kazi ya Shiru na Nick ilikuwa inaisha mwezi huo. Tiketi zilikuwepo. Mahali pa kufikia ndipo hapakuwepo.

Jerusha alikuwa jirani wa Edith tangu ujana wao, na kwa heshima Shiru alimwita Shosho, yaani bibi. Hapa Doha alipikia familia moja kule Muaither, na kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alipanda basi hadi Najma, kwenye jengo la wafanyakazi wanawake, kumwona Shiru. Ijumaa iliyopita alimkuta Nick juu ya stuli anatengeneza AC kwa kisu cha mkate, na chini, juu ya meza, chapati zimefunikwa, bado za moto. Mtu kama huyu, Jerusha alijiambia, hafungiwi mlango.

Sasa Nick alikaa upande wa pili wa Shiru, bado na sare ya ulinzi, kofia imeshuka hadi nyusi.

Vikapu vya sadaka vilizunguka. Vikarudi vyepesi. Na vikapu vikirudi vyepesi, Nabii hukumbuka Sodoma.

"Wapo humu humu," alisema, akilia bila machozi, kwa kuwa kamera ilikuwa karibu. "Wanaume kwa wanaume. Wanawake kwa wanawake. Mzazi, usifuge nyoka. Funga mlango. Halafu toa mbegu ya kuufungia."

Vikapu vikazunguka tena. Safari hii vilibebwa na watu wawili wawili. Hakuna kinachofungua mkoba wa Mkristo kama dhambi ya mtu mwingine.

Jerusha aliitazama mikono yake. Miaka saba iliyopita aliisikia amri hiyo hiyo kwenye runinga sebuleni kwake, akamfungia mlango kitindamimba wake, Arnold. Mbegu pia alitoa. Nabii alinunua gari jipya mwaka ule. Arnold hajabisha hodi tena.

"Tutoke, Shosho," Shiru alisema. "Huyu jamaa simuwezi."

"Kaa hapo. Dawa ya moto ni moto."

Mkusanya kadi alifika, kijana mmoja aitwaye Levis, tai imembana hadi macho yamemtoka. Akasoma. "Shiru na Nick. Sasa nani anaoa, nani anaolewa? Nabii hupenda kujua."

"Andika wanaoana."

"Mama, hilo si jibu."

"Ni Kiswahili hicho. Kwani wewe na mkeo mlifanyaje, mliokotana?"

Safu ya mbele ikaangua kicheko. Levis akamtupia Nick jicho: sare, kofia, buti. Akaridhika. Akaipima bahasha kwa vidole, akaridhika zaidi, akaandika kama alivyoambiwa.

Nabii hakusimamisha watu. Dakika za runinga ni ghali. Alisoma majina kama mtu anayeita mizigo uwanja wa ndege, huyu apone, yule apate kazi. Kisha akafika kwenye bahasha ile nene, akapunguza mwendo.

"Shiru na Nick. Wanaoana." Alifumba macho. "Hawa Bwana mwenyewe amewaunganisha, nimeonyeshwa. Mzazi, unanisikia huko uliko. Wakibisha, fungua. Atakayewafungia mlango hawa, mkono wake ukauke. Sema amina mara tatu."

Ukumbi mzima ukasema. Jerusha alisema yake kwa sauti kubwa kuliko wote.

Simu ikatetemeka mapajani mwake. Ulikuwa ujumbe wa Edith.

"Nimeitika zote tatu. Mwambie mkwe wangu chumba nakifagia leo. Nimeapa, siwezi kurudi nyuma, na mkono wangu bado naupenda."

Jerusha akaipitisha simu mbele ya Shiru, akampa Nick. Nick alisoma mara mbili, akavua kofia, akajifuta machozi nayo.

"Shosho," akauliza, "siku ya kumsalimia mama mkwe, nivae gauni lipi, la bluu au lile la harusi ya rafiki yetu Chelsea?"