Kiti cha Katikati

"Inchi kumi na saba," alisema binti wa tiketi.

Fundi Mkubwa alichomoa tepu mfukoni, akamzunguka mama yake, akapima kiti alichokalia pale ofisini. Kilikuwa cha inchi kumi na tisa, na mama alikuwa amekijaza chote.

"Mama, kule nyuma kwenye ndege hupati hata pa kupumulia. Na ni saa kumi na tatu angani. Hayo magoti yatakubali?"

"Magoti ni yangu, niachie mwenyewe."

Binti wa tiketi aligeuza kompyuta ili mama aone picha. Kule mbele, daraja la biashara, kiti kinalala kikawa kitanda, unapewa mto, blanketi na soksi. Kule nyuma, daraja la kawaida, viti vimebanana vitatu vitatu, na aliye mbele yako akilaza chake, kichwa chake kinakujia mapajani kama mtoto anayetaka kusukwa. Mama alikitazama kile kitanda kwa muda. Akauliza kama soksi ni za pamba. Zilikuwa za pamba. Akashusha pumzi.

"Nyuma," alisema. "Katikati ya wanangu wawili, wewe na mdogo wako."

"Lakini binti yako amesema ukae mbele," Fundi Mkubwa alimkumbusha. Dada yao huyo, aliyeolewa ng'ambo, alikuwa amejifungua mapacha, na ndiye aliyewalipia safari wote watatu. Maagizo yake yalikuwa mafupi: mama mbele, kaka zangu popote.

"Nikalale mbele, halafu nyinyi mtaombana chumvi vipi?"

Fundi Mkubwa alirudisha tepu mfukoni. Yeye na mdogo wake walifanya kazi katika karakana moja ya useremala waliyoachiwa na marehemu baba yao, lakini huu ulikuwa mwaka wa pili hawasemeshani. Chanzo kilikuwa kabati. Walilihangaikia wiki tatu, kabati la milango minne, zuri mpaka ungetamani kuhamia ndani yake. Lilipofika kwa mteja, likagoma kupita mlangoni. Mkubwa akasema mdogo alipima vibaya. Mdogo akasema yeye aliandika vipimo sawasawa, ila kuna mtu anaona haya kuvaa miwani.

Basi, ikawa imetoka. Tangu siku hiyo mama, aliyezoea kuwapelekea chai tu, akaongezewa kazi ya kupeleka maneno.

"Mama, mwambie huyo anipe msumeno."

"Mama, mwambie huyo msumeno uko chini ya pua yake."

Nao wako meza moja, wameshika ubao mmoja, huyu ncha hii, yule ncha ile.

Pale ofisini Fundi Mkubwa alimsihi mama mara moja zaidi, ila si kwa nguvu, na moyoni alijua kwa nini. Kila akiwaza saa kumi na tatu na mdogo wake bila mtu wa kupitishia neno, alitamani mama akae pale katikati. Aliona aibu kwamba magoti ya mama ndiyo yatakayoumia kwa ajili hiyo. Akatumwa duka la pili kutoa nakala za pasipoti, na aliporudi mama alikuwa ameshamalizana na binti wa tiketi. Bahasha ya tiketi ilikuwa tayari mkobani, na zipu imefungwa.

Siku ya safari mama alisali kirefu. Alimwombea rubani, akaombea injini, akayaombea mabawa, la kulia na la kushoto. Kwenye teksi alikaa katikati akaendelea na kazi yake.

"Mama, mwambie huyo asogeze begi."

"Amesikia. Anasema na wewe usogeze miguu."

Uwanjani ilitangazwa kwamba wazee watangulie kuingia. Mama aligawa kadi za kupandia ndege, moja kwa huyu, moja kwa yule, akashika mkoba wake akaenda, tena kwa mwendo ambao magoti yale yalikuwa hayajauona siku nyingi.

Zamu yao ilipofika, ndugu wawili waliongozana kimya hadi mstari wa nyuma kabisa. Mkubwa akakaa dirishani, mdogo kando ya njia. Cha katikati kilikuwa kitupu.

Atakuwa msalani, aliwaza Fundi Mkubwa. Watu wakapandisha mizigo, wakakaa, wakafunga mikanda. Mlango wa ndege ukafungwa. Kiti bado kitupu. Akamgeukia mdogo wake.

"Ulimwona akiingia?"

"Mimi? Mimi nilijua yuko na wewe," alisema mdogo wake. "Si wewe uliyekuwa umemshika mkono pale mlangoni?"

"Nilimwachia alipoitwa. Wewe ndiye ulikuwa unatazama."

"Nitazame wapi, na begi lako limeniziba uso mzima?"

"Basi inuka umwite mtu, wewe ndiye uko njiani."

"Kaka, usiniambie tumemwacha mama."

"Usilitamke hilo. Inuka kwanza. Inuka, mdogo wangu."

Walikuwa wameinamiana juu ya kile kiti kitupu, vipaji vya nyuso karibu vigongane, na hawakujua kwamba mhudumu wa ndege alikuwa amesimama pembeni yao muda wote huo, mikono nyuma, bila haraka yoyote.

"Samahani, nyinyi ndio mafundi seremala?" aliuliza. "Kuna mama kule mbele, mstari wa pili, ameshavua viatu, anauliza kiti kinageuka kitanda saa ngapi. Amenituma nije nisikilize tu kama mmeanza kuongea. Sasa nikamwambie nini?"