Risasi Fupi

Bastola iliruka, mdomo ukatazama mawingu, na kopo likabaki palepale juu ya gogo.

"Umefumba macho," alisema mzee Halvor.

"Nimefumba, baba," alikubali Darla, mke wa mwanawe.

"Dubu hatasubiri uyafumbue."

Walikuwa kwenye shimo la kokoto nje ya mji, ambako watu wote wa Alaska ya huku huenda kujaribu silaha zao. Kesho ndege ndogo ingewapeleka wawili hao kwenye kibanda cha ukoo, mtoni, kuvua samoni na kuwakausha. Leif, mume wa Darla, alikuwa kaskazini kwenye visima vya mafuta. Na rubani alishawaambia: dubu jike mwenye watoto ameng'oa mlango wa banda la moshi la kukaushia samaki, na bado anazungukazunguka pale.

Halvor hakutulia. Alikwenda kwenye gari, akarudi, akatazama mbingu, akaua mbu shingoni, akaondoka tena. Darla naye hakuwa ametulia tangu alfajiri. Kahawa yake ilipoa kikombeni bila kuguswa.

Bastola kubwa ya kuazima ilimyumbisha. Sasa alishika ya Leif, pacha wa ile ya mzee, na hiyo nayo ilimshinda.

"Risasi ya kwanza humkasirisha tu," alisema Halvor. "Ya pili ndiyo inayokuokoa. Sasa bastola ikikupiga teke mpaka inatazama kunguru, ya pili utaipiga lini? Ukiwa tumboni?"

"Nionyeshe tena, baba. Kwa ile yako."

Mzee alipenda kuombwa. Akachukua bastola yake, mpini umekuwa mweusi kwa jasho la miaka, akapiga. Kopo likaruka. Darla hakulitazama kopo. Alikuwa anatazama kifundo cha mkono wa mzee.

"Umeona? Acha kuiogopa kama mama mkwe."

"Mama mkwe wangu alikuwa mpole."

"Mimi niliyemwoa ndiye ninayejua."

Kisha Halvor akamgeuzia mgongo, akaijaza bastola ya Leif, na tundu moja la risasi akaliacha tupu kwa siri. Ndivyo wanavyofundishana huku. Anayeogopa teke, bastola ikilia *tik* bila kulipuka, mdomo wake huinama wenyewe, kwa sababu mkono ulishaanza kushindana na teke ambalo halikuja.

Darla akapiga. Akapiga tena. *Tik.* Mdomo ukazama chini kama ndege aliyeona samaki.

Halvor akacheka mpaka akakohoa. "Mkono hausemi uongo, binti."

"Basi na mimi nikujazie yako. Haki sawa."

"Jaza. Utajifunza kitu."

Akajaza, akampa. Mzee akapiga kwa madaha, akakosa, akapiga tena. *Tik.* Mdomo wa bastola ukainama kuliko ulivyoinama wa Darla.

Hakucheka mtu. Halvor akaifungua bastola, akaifunga. Alipogeuka, Darla alikuwa ameinama anapangusa jicho.

"Mbu kaniingia jichoni, baba. Kopo umelipata?"

"Nimelipata," alisema Halvor.

Huyu ndiye mzee aliyemwinua Leif kwenye meza ya Krismasi, akamwonyesha mlango, kwa kosa la kumwambia avae miwani.

Darla akatoa boksi mfukoni. "Wendell wa dukani kanipa hizi nijaribu. Anasema bastola hizi zinameza ndefu, zinameza na fupi."

"Hizo ni za kupigia makopo."

"Kwani sisi tunapiga nini?"

Darla akajaza zile fupi: unene uleule, ila baruti kidogo. Mlio ukawa mzito, wa chini. Mkono ukapanda kidogo na kurudi, macho yakiwa wazi. Kopo likaruka, na kabla halijatua likapigwa tena.

"Umeona sasa!" Halvor alikuja mbio. "Kumbe si mjinga, ni mzigo tu ulikuwa si wako. Na hizi si mchezo. Risasi nene hivi, hata ikienda polepole, mfupa inavunja."

"Naogopa kitu kimoja tu. Huko kibandani zangu fupi, zako ndefu. Dubu akija kwa fujo nikachomoa za kwako, nimekwisha. Ingekuwa wote tunabeba za aina moja…"

Halvor alitazama msitu. Akawa anasugua kifundo cha mkono bila kujijua.

"Kwa ajili yako tu," akasema. "Na Leif asisikie."

"Atasikia kwa nani?"

Akapiga zile fupi, eti amwonyeshe mkwewe zinavyopigwa. Makopo yaliruka yote, na mkono wake haukuinama hata mara moja. Akakusanya maganda huku anapiga mluzi.

Wakarudi mjini wakapita dukani. Halvor akaweka maboksi ya risasi fupi kwenye kaunta, akamweleza Wendell kwa sauti kubwa kuwa mtoto wa watu hana mikono, afanyeje, imebidi amfuate. Akalipa, akatoka kwenda kuwasha gari.

Wendell alisubiri mlango ujifunge.

"Amekubali?"

"Amekubali."

"Na wewe nikupe nini?"

Darla akachungulia dirishani, akamwona mzee anapangusa kioo cha gari.

"Ndefu, boksi moja," akasema. "Mimi tangu utoto, ukiacha leo, sijawahi kupiga nyingine."