Bitana ya Kurunzi

Kurunzi alikufa ukurasa wa tatu, bila hata kupewa neno la mwisho. Mlipuko mmoja, joho likashika moto, basi. Ukurasa wa nne wenzake waliendelea kupigana kana kwamba hakuwahi kuzaliwa.

Fundi cherehani alisimama nje ya duka la katuni, miwani puani, toleo la kumi na moja mkononi. Alirudia kusoma, labda amekosea. Hakukosea. "Washenzi nyie!" akawaambia waliolichora, kwa sauti, mpaka mpita njia akageuka.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa katuni. Watu wazima wanaovaa chupi juu ya suruali? Hebu! Zilikuwa za mdogo wake, mwanamume wa miaka arobaini na miwili ambaye mtaa mzima ulimwita Mhariri, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa akiwaandikia wachapishaji barua za kuwasahihisha. Kisukari kilipomnyang'anya macho, dada mtu akawa macho yake. Duka lilimwekea Mhariri matoleo kwenye boksi lenye jina lake. Kila Ijumaa mchana dada alipitia kuchukua toleo jipya, akalisoma kwanza pale nje asije akababaika mbele ya msikilizaji, kisha akaenda kumsomea.

Huo ulikuwa mwaka wa Vita vya Mashujaa Wote: matoleo kumi na mawili, kila shujaa wa kila kitabu katika uwanja mmoja. Mhariri alivipenda vita hivyo na kuvichukia papo hapo.

"Dada, nikwambie siri yao," alisema toleo la kwanza lilipotoka. "Lazima mtu afe, ili tuone ni jambo kubwa. Mkubwa akifa, usijisumbue kulia. Mwakani huyo hapo, kafufuka na nguo mpya. Ila mdogo akifa, kafa. Nani atamuulizia? Na Kurunzi wangu naye wamemwita. Sina amani."

Kurunzi, shujaa wa kutoa mwanga kiganjani, alikuwa hana kitabu chake mwenyewe kwa miaka kumi na mitano. Pengine dunia nzima alibakiwa na shabiki mmoja.

Kabla ya vita kufika katikati, daktari alimwita dada kwenye korido ya hospitali. Figo zilikuwa zimechoka. "Hesabu wiki, mama, usihesabu miezi." Dada akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akarudi chumbani. "Amesema unaendelea vizuri," akamwambia mdogo wake. Uongo alishausema, ikabidi aendelee nao.

Na sasa hili toleo la kumi na moja.

Alimkuta amelala kuelekea dirishani, simu kifuani. Kila Ijumaa asubuhi simu haikumtoka sikioni, eti anaongea na marafiki.

"Haya, tupe habari," Mhariri akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua sana.

Dada akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Akafika wa tatu. Mtu anahesabiwa wiki, umwambie na Kurunzi naye kafa? Hapana. Akaliinua toleo mbele ya uso, akaanza kubuni.

"Mlipuko ukatokea. Joho la Kurunzi likashika moto..."

"Mh."

"...lakini halikuungua kwa ndani."

Mhariri akamgeuzia uso taratibu. "Halikuungua kwa nini?"

Dada akashika lile analolijua. "Lilikuwa na bitana."

"Bitana!"

"Bitana nzito ya ndani, imepigwa cherehani mara mbili. Dada yake ndiye aliyemshonea. Alijua kazi ya mdogo wake ni ya hatari."

Mhariri akacheka mpaka akakohoa. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. "Miaka yote hii, kumbe Kurunzi ana dada," akasema. "Soma, Dada. Soma polepole."

Katika toleo la kumi na mbili Kurunzi hakutajwa hata mara moja. Lakini chumbani mle ndiye aliyewasha mwanga, na wale wakubwa, waliopofushwa na moshi, wakashikana mikono wakamfuata mpaka nyumbani. Mhariri aliuliza rangi ya vifungo. Aliuliza kama kola ilisimama au ililala. Mwishoni akapapasa mpaka akaupata mkono wa dada yake.

"Hili ndilo toleo bora kuliko yote waliyowahi kutoa," akasema.

Akafariki Jumanne.

Baada ya mazishi, dada alikwenda dukani kuomba jina liondolewe kwenye boksi. Mwenye duka akamvutia kiti. Makaburini alikuwa amejikaza. Hapa, katikati ya yale makaratasi ya rangi, kilio kikamshinda.

"Nashukuru jambo moja tu," akasema alipopata pumzi. "Kaondoka hajui. Si ya Kurunzi, si ya kwake mwenyewe. Nilimficha yote."

Mwenye duka alilishika lile boksi, akalitazama jina, asilibandue.

"Dada yangu," akasema, "kila Ijumaa asubuhi, nikishafungua mzigo tu, nilikuwa namsomea kwa simu. Hakuweza kungoja mpaka mchana. Siku ile nilipofika ukurasa wa tatu nikakwama. Akaniambia, 'Soma tu, hata daktari alishaniambia yangu. Halafu ufunge mdomo wako. Dada hatakubali Kurunzi afe, na mimi nataka nisikie atamwokoaje.'"