Ndizi za Ngatia

Ngatia hakula ndizi hata kipande kimoja, na hilo ndilo lililomtia Lynn wasiwasi.

Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu, na daktari alikwisha sema ni usonji. Kila Jumatano Lynn, mwalimu wake, alitoka Nyeri mjini hadi Tetu, akaketi naye sakafuni, akamwita jina mara moja kwa sauti ya chini, kisha akangoja. Ngatia akimtazama machoni, Lynn humpa kipande cha ndizi, hupiga makofi na kusema, "Vizuri!" Siku nyingine zote mama yake, Murugi, alifanya vivyo hivyo.

Ngatia alipokea ndizi, akaifumbata, akatoka nayo nje. Ilikoishia, hakuna aliyejua. Murugi aliwashuku kuku.

Huko nje kulikuwa na Guka. Mtoto alipewa jina la babu yake huyo, kama desturi ilivyo, na mzee hakuweza kuvumilia jina lake liitwe lisiitikiwe. Alisimama zizini akanguruma, "Ngatia! We Ngatia!" hadi ng'ombe wakageuka. Mtoto aliziba masikio.

"Ati anafunzwa na ndizi," alimwambia Murugi. "Huyu ni mtoto ama ni tumbili? Hii mwezi ikiisha kama hajasema hata neno moja, huyo mwalimu asirudi hapa."

Murugi alienda kulia jikoni. Boma lilikuwa la mzee, na mzee akisema, amesema.

Mwezi ukasonga. Guka akapunguza kelele. Watu wakasema ni kifua. Akaanza kuvua kofia akimwona mtoto. Alasiri alionekana akichuchumaa nyuma ya zizi, na Murugi akadhani ni mgongo. Lynn alipouliza kama kuna mtu anamlia mtoto ndizi zake, Guka alipangusa masharubu akasema kuku wa siku hizi hawana adabu.

Jumatano ya mwisho, Lynn hakuficha kitu. "Guka, sasa anaangalia mtu vizuri. Lakini kuongea bado. Tupatie muda kidogo."

"Nilisema mwezi, na mwezi imeisha," alijibu mzee. "Chukua vitu zako, mwalimu. Wacha nimwite akuage."

Murugi alifumba macho, akingoja ngurumo. Hakuisikia.

Guka alivua kofia. Akachuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto aliyekuwa mlangoni.

"Ngatia," akaita, mara moja, kwa sauti ya chini. Kisha akangoja.

Mtoto akamtazama. Akaja taratibu, akafumbua kiganja chenye kipande cha ndizi kilichopondeka. Guka alikuwa ameshafungua mdomo.

"Vizuri!" Ngatia akamwambia, akampigia makofi.