Hapo ni Wapi?

Aliondokea Muhanga, fundi wa kuchimba, akawachimbia wanyama wenzake nyumba moja kubwa chini ya ardhi. Sifa zote zikawa zake. Nungunungu alipewa kazi ya kuandika ukutani, kwa mwiba wa mgongo wake, jinsi nyumba inavyotumika.

"Maji yakijaa, mtu anatokaje?" Nungunungu alimuuliza Muhanga.

"Si unasukuma tu hapo, dada."

"Hapo wapi, kaka?"

Wanyama wakacheka. Wakasema huyu hajui kuchimba hata shimo la panya, kazi yake kuuliza. Nungunungu hakukasirika; aliuliza mpaka akaelewa, akaandika. Muhanga aliona maandishi yanaharibu ukuta wake, akayapaka udongo.

Masika yalipofika, maji yaliziba mlango, na watoto wawili wa Muhanga wakabaki ndani. Baba yao akalala kifudifudi juu ya ardhi, akawaita: "Wanangu, sukumeni hapo!"

"Hapo wapi, baba?"

Muhanga akanyoosha kidole, watoto wasikione. Mikono yake ilipajua mahali pale, ulimi wake haukupajua.

Nungunungu akapiga magoti kando yake. "Wanangu, shikeni mzizi mnene. Chini yake kuna jiwe lenye ncha. Lisukumeni kushoto, wote pamoja."

Watoto wakatoka, wametapakaa tope, wanatetemeka. Nungunungu akawafuta masikio kwa majani, akawauliza polepole ni wapi walipotatizika, ili aandike vizuri zaidi.

Muhanga alisimama pembeni akitafuta maneno ya kumwomba radhi. Hakuyapata, na hakuthubutu kumwomba Nungunungu mwenyewe amwandikie.