Daftari la Mlangoni

Clement Vogt, mwenye miaka sabini na tisa, aliingia katika maktaba ya kumbukumbu za jiji la Milwaukee akiwa ameficha raba ya kufutia ndani ya soksi. Mhalifu gani huyu, alijicheka, hata kufunga viatu anahitaji kiti.

"Usilambe kidole, mzee," alisema Lorna, mtunza kumbukumbu, akimwekea daftari mezani. "Wiki ijayo linawekwa kwenye dirisha la kioo la mbele, wapita njia walione. Daftari la baa ya kwanza ya mashoga mjini, si mchezo! Ulikuwa unaenda?"

"Mimi? Nilikuwa nakula samaki."

Ndivyo alivyokuwa akimdanganya mama yake kila Ijumaa. Mlangoni mwa baa ulitakiwa kuandika jina, na hakuna punguani aliyeandika la kwake. Clement aliandika la bosi wake, Elmer Stroud. Polisi wakivamia, wamfuate huyo! Stroud, aliyeaga kila Jumatano jioni kwamba anaenda kwaya, aliyewatazama makarani wake kama wenye dhambi, na kurudisha kila ombi la likizo na neno moja la wino wa kijani: Hapana.

Wakati ule ilimchekesha sana. Sasa Stroud ni marehemu, na mjane wake, ambaye humletea Clement keki kila Krismasi, hupita mbele ya kioo kile akienda kanisani. Ataliona jina la mumewe. Clement alikuwa hajalala siku tatu kwa aibu.

Lorna alipogeuka kupokea simu, Clement alichomoa raba, akafungua Ijumaa mojawapo. Elmer Stroud. Akasugua. Akasugua tena. Wino! Maisha yote karani, halafu anakuja kufuta wino kwa raba. Kweli uzee ni kazi.

"Unatafuta nini, mzee?" aliuliza Lorna, simu ingali sikioni.

"Ujana wangu."

"Umeuona?"

"Upo. Umekauka."

Basi, auchane ukurasa. Lakini ni kurasa ngapi? Alianza kurudi nyuma akizihesabu Ijumaa zake. Karatasi mbili zilikuwa zimegandana. Akazitenganisha kwa ukucha.

Jumatano. Clement hakuwahi kukanyaga pale siku ya Jumatano, hata mara moja.

Mstari wa tatu, kwa wino wa kijani: Clement Vogt.