Dalili za Uhai

"Shangazi Helju, kompyuta inasema hupo," alisema binti wa ofisi ya kata, akikwepa macho yake.

Helju alikuwa ametembea kilomita tisa kwenye theluji kuja kuuliza kwa nini basi la kijijini kwao limefutwa. Kumbe limefutwa kwa sababu kijiji hakina mtu.

"Sipo vipi? Si juzi tu ulikula viazi vyangu?"

"Najua, shangazi. Lakini sensa hii hatukugonga milango. Mashine ya kule mji mkuu, Tallinn, imesoma madaftari tu: la hospitali, la ajira, la polisi. Jina lako halimo hata katika moja, ikaona umehamia nje ya nchi. Yaani... huna dalili za uhai."

"Kwa hiyo kosa langu ni kutougua!"

Helju alitoa kikapuni chupa ya uyoga wa siki aliyomletea zawadi. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa baridi, na ndani ya mipasuko kulikuwa na udongo wa shamba usiokubali sabuni.

"Na anayeharibu mali ya serikali, naye anaandikwa?"

"Huyo? Huyo anaandikwa siku hiyo hiyo, polisi wana..."

Kifuniko cha chupa kilikuwa kimeshafunguka. Siki ilimiminika juu ya kompyuta, ikapenya katikati ya vibonye, uyoga ukifuata mmoja mmoja, mpaka kioo kikazima.

"Haya, waite," alisema Helju, akivuta kiti na kukaa. "Na jina langu waliandike vizuri."